Majisifu, Mwonekano na Taswira: Msamiati wa Kigiriki cha Kale na Suala la Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Miongoni mwa vibao vya udongo vilivyochimbuliwa katika magofu ya kasri la Pylos, kusini-magharibi mwa Ugiriki, kimo kimoja chenye mgogoro wa ardhi. Kuhani wa kike aitwaye Eritha anadai kwamba shamba alilonalo ni milki ya mungu wake, na kwa hiyo lina hadhi ya pekee. Jamii ya wenyeji, ambayo kibao kinaiita damos, inasema sivyo: Eritha ana haki ya kulitumia tu, kama watumiaji wengine wa ardhi ya jamii. Kibao hicho kiliandikwa karibu mwaka 1200 K.K. kwa hati ya Linear B, ambayo Michael Ventris aliifumbua mwaka 1952. Kitenzi kinachotumika kueleza anachofanya Eritha ni kilekile ambacho katika Kigiriki cha baadaye kina umbo la eukhomai, na ambacho wafasiri wa Homer hukitafsiri, kwa kutegemea muktadha, kuwa kuomba dua, kuweka nadhiri au kujisifu.

Mahali hapa ndipo panapofaa kuanzia, kwa kuwa panaonyesha jambo ambalo kamusi za lugha mbili hulificha. Neno la kale kabisa la Kigiriki ambalo leo hufasiriwa kwa “kujisifu” halikuwa na lawama yoyote ndani yake. Lilikuwa neno la kudai. Eritha hajigambi, anadai, na wengine wanalipinga dai lake. Makala hii inafuatilia jinsi msamiati wa kujisifu ulivyotoka hapo na kukutana na msamiati wa mwonekano na wa taswira za nafsini, kisha inapima namna Kiswahili kilivyoyapokea maneno hayo na kinavyoweza kuyapokea. Suala hili si la wapenzi wa mambo ya kale peke yao. Vitabu vya falsafa, fasihi na theolojia vinaandikwa na kufasiriwa kwa Kiswahili, na istilahi ikishaingia katika kitabu cha shule ni vigumu kuing’oa.

Kutoka kudai hadi kelele

Katika Iliad, shujaa akikutana na adui hutaja nasaba yake kabla ya mapigano. Katika kitabu cha 6, Glaukos anamweleza Diomedes ukoo wake kirefu, kisha anafunga kwa kitenzi hichohicho: anadai kuwa wa kizazi na damu hiyo. Matokeo ya dai hilo ni ya kushangaza, kwani Diomedes anatambua kuwa babu zao walikuwa marafiki, na wapiganaji hao wawili wanashikana mikono badala ya kuuana. Leonard Muellner, katika utafiti wake wa mwaka 1976 kuhusu kitenzi hiki, alikichunguza kwa kufuata matumizi yake katika fomula za kishairi. Uchunguzi wa namna hiyo ndio unaomwezesha msomaji kuona kwamba maana zinazotenganishwa na kamusi zetu zina asili moja: kusema jambo hadharani kwa uzito, mbele ya mtu au mbele ya mungu.

Msomaji wa Afrika Mashariki hapati shida kulielewa hili. Majigambo, kama tanzu ya fasihi simulizi, nayo ni tamko la hadharani ambalo mhusika hutaja ndani yake matendo na nasaba yake mwenyewe, na hadhira haimhukumu kuwa ana kiburi. Kinachohukumiwa ni ukweli wa tamko na ufundi wa kulitoa. Anayefasiri eukhomai kwa “kujigamba” yuko karibu zaidi na Homer kuliko anayetumia neno lolote la lugha za Ulaya ya leo, mradi akumbuke kwamba nje ya tanzu hiyo kujigamba ni aibu.

Neno la pili ni kompos, nalo lina historia tofauti kabisa. Kwa Homer, kompos ni mshindo tu: kelele ya meno ya ngiri anayejinoa mbele ya wawindaji, au mdundo wa vijana wanaopiga mapigo huku wengine wakicheza ngoma. Kufikia karne ya 5 K.K. limekuwa jina la maneno makubwa yasiyo na kitu. Badiliko hilo halihitaji maelezo mengi, kwa kuwa debe tupu ni maarufu katika kila lugha. Herodotus anamwonyesha Xerxes akimtahadharisha Demaratus asije akawa anasema kompos anapowasifu Wasparta. Naye Thucydides anamfanya Pericles, katika hotuba ya mazishi, akane mapema kabisa kwamba sifa anazoimwagia Athens ni kompos ya siku hiyo. Anasisitiza kuwa ni ukweli wa matendo. Kukana huko kunafaa kuangaliwa kwa makini. Mtu hakani tuhuma ambayo hadhira yake haijaifikiria.

Ngao isiyo na alama

Tamthilia ya Aeschylus kuhusu wapiganaji saba dhidi ya Thebes, iliyochezwa mwaka 467 K.K., ndipo kujisifu na mwonekano vinapokutana waziwazi kwa mara ya kwanza. Mpelelezi anawaeleza wakuu wa jeshi la adui mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anaelezwa kwa picha iliyo kwenye ngao yake. Ngao ya Capaneus ina mtu aliye uchi, mwenge mkononi, na maandishi ya dhahabu yanayotangaza kwamba atauchoma mji. Eteocles, anayeutetea mji, anajibu kwa kuzitafsiri picha hizo upya ziwageukie wenyewe, na anakumbusha kwamba shada za kofia na kengele za ngao haziumi pasipo mkuki.

Wa sita ni Amphiaraus. Ngao yake haina alama yoyote, na mpelelezi anaeleza sababu: mtu huyo hataki kuonekana bora, anataka kuwa bora. Kitenzi cha “kuonekana” hapo ni dokein, na kutokana nacho limepatikana neno doxa. Katika Kigiriki cha Athens, doxa ni maoni aliyonayo mtu kuhusu jambo, na vilevile ni jina au sifa aliyonayo mtu machoni pa wengine. Plato anairejelea sehemu hiyo ya Aeschylus katika kitabu cha pili cha Jamhuri, pale anapotaka kumsimamisha mwadilifu asiyeonekana mwadilifu kando ya dhalimu anayeonekana mwadilifu, ili aulize ni yupi mwenye heri. Plutarch naye anasimulia kwamba maneno hayo yaliposemwa jukwaani watu wote waligeuka kumtazama Aristides.

Mjidai

Neno la tatu, alazon, ndilo lenye uzito mkubwa zaidi kwa historia ya jamii, na ndilo linalotafsirika vibaya zaidi. Alazon si mtu anayejisifu tu. Ni mtu anayejitia kuwa na ujuzi, mali au cheo asichokuwa nacho, na aghalabu anajitia ili apate kitu. Katika vichekesho vya Aristophanes, alazon ni mganga wa ramli, mjumbe wa serikali anayekula posho miaka mingi bila kuleta tija, au mwanafalsafa. Katika Ndege, tamthilia ya mwaka 414 K.K., mji mpya haujamaliza kujengwa angani kabla hawajafika watu wa namna hiyo kutafuta riziki, akiwemo Meton na vyombo vyake vya kupimia ardhi. Anaambiwa kwamba wenyeji wamekwisha kuafikiana kuwatandika alazones wote. Meton alikuwa mtu halisi na mnajimu wa kweli, aliyetengeneza mzunguko wa kalenda wa miaka 19. Mwanavichekesho hakujali. Utaalamu ambao raia hawezi kuupima na ulaghai huonekana sawa kwa mtazamaji aliye mbali.

Hoja hiyo ndiyo Aristotle aliyoipa umbo la kifalsafa. Katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nicomachus, anamweka alazon upande mmoja na eiron, yaani mtu anayejipunguza, upande wa pili. Katikati yupo msema kweli kuhusu nafsi yake. Lakini hatosheki na mpangilio huo. Anauliza alazon anajitia kwa ajili ya nini. Anayejitia bila kusudi ni mtupu kuliko kuwa mwovu. Anayejitia kwa ajili ya heshima hastahili lawama kubwa. Anayejitia kwa ajili ya fedha ndiye mbaya zaidi, na huyo huchagua mambo mawili kwa pamoja: yanayowafaa wenzake na ambayo uongo wake haugunduliki kwa urahisi. Mifano yake ni mwaguzi, mwenye hekima na tabibu. Mtu yeyote aliyeketi katika kamati ya kuchagua mshauri mwelekezi atautambua uhai wa maelezo hayo.

Aristotle anaongeza angalizo dogo ambalo wafasiri hulipita haraka. Kujipunguza kupita kiasi nako, anasema, huonekana kuwa ni alazoneia, kama mavazi ya Kisparta. Raia wa Athens aliyevaa joho fupi na duni alikuwa anatangaza jambo kwa ufukara wake. Ngao isiyo na alama, kwa hiyo, inaweza nayo kuwa alama.

Xenophon anakaribia siasa zaidi. Katika Kumbukumbu zake, Socrates anashauri kwamba njia iliyo bora ya kupata jina ni kuwa kweli hivyo unavyotaka kuonekana, na anatoa mfano wa mpiga zumari asiyejua kupiga. Itambidi anunue vyombo vizuri, aambatane na wasaidizi wengi, atafute watu wa kumsifu. Lakini asikubali kupiga popote pale, maana siku atakayopiga ndiyo siku ya fedheha yake. Kutoka hapo Socrates anapanda hadi kwa nahodha, jemadari, na mwishowe mtu aliyewashawishi wenzake kuwa anaweza kuongoza dola ilhali hafai. Huyo, kwa maoni yake, ni tapeli mkubwa kuliko anayemlaghai mtu fedha au chombo.

Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, anaiacha nadharia na kumchora mtu mwenyewe, katika miaka ya mwisho ya karne ya 4 K.K. Alazon wake anasimama bandarini akiwasimulia wageni jinsi alivyo na fedha nyingi baharini, huku akimtuma mtumwa wake benki ambako akiba yake haifiki hata drakma moja. Anakaa katika nyumba ya kupanga, lakini humwambia asiyejua kwamba ni nyumba ya urithi, na kwamba anafikiria kuiuza kwa kuwa ni ndogo mno kwa wageni wake.

Kiswahili kinalo neno la mtu huyu, nalo ni mjidai. Uhusiano wa kudai na kujidai ni uhusiano uleule uliomo katika historia iliyoelezwa hapo juu: Eritha na Glaukos wanadai, alazon anajidai. Kiambishi kimoja cha kujirejea kinabeba karne nane za badiliko la maana. Hata hivyo, wafasiri wa Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, hawakulitumia. Katika orodha ya maovu ya Warumi 1:30, maneno matatu ya Kigiriki yanayofuatana yametofautishwa vizuri kwa kutumia jeuri, kutakabari na majivuno, na la mwisho ndilo la alazon. Katika 2 Timotheo 3:2, alazon imekuwa mwenye kujisifu. Katika 1 Yohana 2:16, alazoneia imekuwa kiburi, neno ambalo katika Marko 7:22 limetumika kwa dhana nyingine kabisa, hyperephania. Kiburi na kutakabari ni wa shina moja la Kiarabu, lenye maana ya ukubwa. Hulenga anayejikweza juu ya wenzake. Hakuna hata moja kati ya maneno haya linalogusa udanganyifu, ilhali udanganyifu ndio kiini cha alazon. Kwa msomaji wa Kiswahili, kosa la alazon limegeuka kuwa la moyo peke yake. Kwa Wagiriki lilikuwa pia kosa la sokoni na barazani.

Kinachojitokeza

Msamiati wa taswira unatokana na kitenzi phaino, kuonyesha au kutokeza, ambacho katika hali ya kutendwa ni kuonekana. Hapo ndipo yalipotoka phainomena, yanayoonekana, phantasma, kitu kilichojitokeza, na phantasia. Hili la mwisho linaonekana kwanza katika maandishi ya Plato. Katika Theaetetus linakaribia kuwa sawa na hisi. Katika Mwanasofisti ni mchanganyiko wa hisi na doxa. Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Kuhusu Nafsi, anaupinga mchanganyiko huo kwa mfano mmoja mfupi: jua huonekana lina upana wa futi moja, na bado mtu anasadiki kuwa ni kubwa kuliko dunia inayokaliwa. Ikiwa mwonekano na maoni vinaweza kupingana ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, basi si kitu kimoja. Anamalizia kwa kusema kwamba phantasia ilipata jina lake kutokana na phaos, yaani nuru, kwa sababu pasipo nuru hakuna kuona.

Wastoa walilifanya neno hili kuwa msingi wa elimu yao yote. Kwao phantasia ni chapa inayopigwa juu ya nafsi na kitu kilichopo, na phantasma ni kile kinachomvuta mtu katika mvuto mtupu usio na kitu nyuma yake, kama yawapatavyo watu wenye wazimu. Cicero alilifasiri la kwanza kwa visum, “kilichoonwa”. Epictetus, katika karne ya 1 na ya 2 B.K., anamfundisha mwanafunzi kuiambia kila phantasia ngumu kwamba ni mwonekano tu, na si lazima iwe kile inachoonyesha. Kabla yao wote, Monimus wa kundi la Wakynik alikuwa amesema kwamba yote yanayodhaniwa ni typhos, neno lililo na moshi, kiburi na kupumbazika ndani yake kwa pamoja. Katika neno hilo mafungu mawili ya msamiati yanaungana: anayejivuna ni mtu aliyejazwa moshi machoni.

Maana ya phantasia kama uwezo wa kubuni kile ambacho jicho halijaona ilichelewa sana. Inajitokeza wazi kwa Philostratus, mwanzoni mwa karne ya 3 B.K., na mandhari yake ni Afrika. Apollonius wa Tyana amewatembelea wenye hekima wa nchi ambayo Wagiriki waliiita Aithiopia, upande wa juu wa mto Nile, naye anaidharau sanamu ya miungu yenye umbo la wanyama. Mzee wao, Thespesion, anamuuliza kama Phidias alipanda mbinguni kunakili sura za miungu. Apollonius anajibu kwamba kazi hiyo ilifanywa na phantasia, fundi mwenye hekima kuliko uigaji. Jibu hilo limenukuliwa mara nyingi katika historia za nadharia ya sanaa. Ambacho hunukuliwa kwa nadra ni utetezi wa Thespesion: kwamba alama isiyodai kufanana na mungu ni ya kiheshima zaidi, kwa kuwa inamwachia mtazamaji kazi ya kufikiri. Hoja yake si dhaifu.

Wakati huohuo neno lilikuwa na maisha mengine nje ya falsafa. Polybius, katika karne ya 2 K.K., analitumia kwa maana ya fahari ya maonyesho. Ndivyo lilivyo katika mahali pekee linapotokea ndani ya Agano Jipya, Matendo 25:23, pale Agripa na Bernike wanapoingia ukumbini. Union Version inasema fahari, na ni sahihi. Neno moja, basi, lilimaanisha kinachoonekana ndani ya nafsi na kinachoonyeshwa ili wengine waone.

Mashina ya Kiswahili

Waarabu walipofasiri elimu ya Kigiriki, neno hili halikukaa mahali pamoja. Ibn Sina (980–1037) aliliacha katika umbo la Kigiriki, bantasia, kwa hisi ya pamoja inayokusanya hisi tano, na akatumia khayal na wahm kwa nguvu nyingine za nafsi. Kiswahili kina taswira, dhana na fahari zenye asili ya Kiarabu, lakini mgawanyo huo wa kifalsafa haukuja nayo. Taswira leo imezoeleka katika uhakiki wa fasihi kwa picha zinazojengwa na maneno, na kuitwisha pia phantasia ya Aristotle na ya Wastoa ni kuichosha.

Shina -ona linafaa kuchunguzwa zaidi kuliko lilivyochunguzwa. Kutokana nalo kuna mwonekano, maonyesho na maono. Anayesema “naona” anatoa maoni yake, sawasawa na Mgiriki alipotumia dokein. Anayejionyesha anatafuta doxa ya wengine. Na anayejiona, bila neno lolote kuongezwa, ni mwenye majivuno. Ni mashina machache yanayokusanya hisi, maoni, maonyesho na kiburi kwa namna hiyo, na phaino lenyewe halifiki huko pasipo msaada wa dokein. Tofauti ipo: Kigiriki kinaanzia kwenye kitu kinachong’aa, Kiswahili kinaanzia kwenye jicho linalotazama. Kwa upande wa kitu chenyewe, Kiswahili kina -zuka. Kinachozuka bila kutazamiwa ni mzuka, na mzuka ni phantasma iliyo karibu zaidi kuliko “kivuli” cha Mathayo 14:26; na anayesababisha jambo lizuke anazua, kitenzi ambacho kina ubunifu na uongo ndani yake.

Kwa msingi huo, inawezekana kupendekeza mjidai kwa alazon na kujidai kwa alazoneia. Mwonekano wa nafsini kwa phantasia ya Wastoa. Na taswira ibaki kwenye fasihi. Kwa phantasia ya Philostratus, ubunifu unatosha, ingawa neno hilo limeshachukuliwa na wizara na mashindano ya vijana, na mfasiri atalazimika kuongeza kivumishi.

Kwa eironeia, suala limekwisha kuamuliwa na vitabu vya shule, navyo vimeamua kinaya. Kwa upande wa Kiarabu, kinaya ni usemi wa kudokeza, na uteuzi huo una mantiki. Lakini Kiswahili kina kinaya nyingine, ya mtu aliyekinai, anayejiona hahitaji wenzake. Na hiyo iko karibu na alazon kuliko na eiron aliye mpinzani wake. Neno limeenea mno kuondolewa sasa. Mabaraza ya Kiswahili yanayoandaa kamusi za istilahi za fasihi na falsafa yanaweza angalau kuzitenga maana hizo mbili katika vidahizo viwili, kila kimoja na asili yake, ili mwanafunzi anayesoma kuhusu Socrates asidhani kwamba aliyekuwa akijipunguza alikuwa amekinai.